Majani ya Zambarau Chini ya Dirisha

Kwetu Logiri, na kwa wakwe zangu huko Kuluba vilevile, uwanja wa nyumba ndio uso wa mwanamke. Unafagiwa asubuhi na mapema mpaka udongo mwekundu unang'aa kama sahani iliyolambwa, na jani moja likidondoka linaonekana kutoka barabarani. Majani yakiota mlangoni, watu wanajua moja kati ya mawili: mwenye nyumba amekufa, au ameoa mvivu. Bwana wangu alikuwa hai, tena mnene. Jibu lililobaki mnalijua.

Nyumba yenyewe hatukuijenga sisi. Tulipewa pale Arua baada ya Wahindi kuondoka, kwa kuwa bwana wangu alikuwa karani wa serikali, na nyumba ziligawiwa makarani kama mandazi yanavyogawiwa watoto: anayesimama karibu na sinia ndiye anayepata kubwa. Yetu ilikuwa na baraza la saruji na madirisha ya vioo, na chini ya dirisha la jikoni, karibu kabisa na mlango, palikuwa na tuta la maua lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mwanamke aliyelitengeneza sikumwona kamwe. Nilikuta alama za miguu ya viti vyake sakafuni, msumari aliotundikia kitu fulani ukutani, na majani yake.

Yalikuwa majani mafupi, hayafiki kifundo cha mguu. Yalijipanga duara kama kabichi ndogo iliyokataa kujifunga, yaking'aa, kijani kilichoingiwa na zambarau kama ngozi ya biringanya. Kila mche ulituma kamba pembeni. Kamba ikigusa udongo inatoa mizizi, inakuwa mtoto, na mtoto naye anatuma kamba yake. Kwa mwendo huo lile tuta lilikuwa limefunikwa lote, huoni udongo hata pa kutia kidole, na majani yalikuwa yameshavuka mawe yanakuja mlangoni.

Niliyaacha. Sababu niliyompa bwana wangu ni kwamba yanazuia vumbi la kiangazi lisiingie kwenye sufuria. Sababu ya kweli sikumpa mtu: niliyapenda. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyeanza kukimbia, mwingine tumboni, sabuni hakuna, sukari hakuna, na katika nyumba nzima kitu pekee ambacho hakikuniomba chochote kilikuwa majani yale. Hata maji hayakuomba.

Kiangazi hicho mama mkwe wangu akashuka kutoka kwenye lori la Koboko, mji ulio karibu na kwao Kuluba, kapu la unga wa muhogo kichwani, kuku mkononi. Mimi ni Mlugbara, yeye ni Mkakwa. Lugha yake nilikuwa siijui, yangu alikuwa haitaki, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, kile cha sokoni na kambini ambacho hakina vichaka vingi vya kujifichia. Alipofika hakuingia ndani. Alisimama mbele ya tuta, kapu bado kichwani.

"Bibi ya kijana yangu," akasema, "hii kitu gani?"

"Ni maua, mama."

"Maua iko wapi?"

Hayakuwa yamechanua hata moja. "Yatakuja," nikasema.

"Sasa iko majani." Akayachokoa kwa kidole cha mguu kama mtu anayeamsha mlevi. "Nyoka ikilala hapa, wewe utaona?"

"Hakuna nyoka hapa, mama."

"Nyoka hapana piga hodi."

Akatua kapu, akamwinua mwanangu, akampima uzito kwa mikono, kisha akanitazama tumbo bila haya, kama wanavyotazama ng'ombe mnadani. "Wewe iko na mimba. Mutoto amekwisha acha ziwa. Mvua ikianza, mimi nikimaliza kupanda, nitakuja kuchukua yeye. Kule kwangu uwanja iko safi. Hata sindano ikianguka unaona. Hawezi kukaa hapa kwa pori."

Ndivyo alivyosema: pori. Mimi mwenye ufagio mpya.

Lazima nieleze kwa wale ambao kwao si desturi. Mwanamke akishika mimba nyingine, mtoto aliyeachishwa ziwa anaweza kupelekwa kwa bibi yake, akalelewa huko hadi mama apate nguvu. Hakuna ubaya uliokusudiwa. Ni msaada. Lakini hakuna anayesema mama atapata nguvu lini. Nimewaona watoto waliorudi wakiwa wameshang'oa meno ya utoto, wanamwita mama yao shangazi, na mama anaitika kwa sababu atafanyaje. Nilijua hayo yote wakati mama mkwe anakunywa chai yangu isiyo na sukari, na mwanangu amekaa kwenye paja lake anavuta shanga zake. Nilitaka kumpokonya. Nikamwongezea chai.

Mkwe haambiwi hapana. Unaweza kusema "tutaona, mama." Unaweza kusema "Mungu akipenda." Unaweza kuugua ghafla. Lakini hapana yenyewe haitamkwi, ni kama kumvulia nguo. Alipoondoka nilimgeukia bwana wangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti tangu asubuhi.

"Umesikia mama yako anavyotaka?"

"Mama ni mama," akasema.

"Na mimi?"

"Wewe pia ni mama," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Basi nikakaa peke yangu nikafikiri. Kama mkwe haambiwi hapana, njia iliyobaki ni kumwondolea sababu. Na sababu aliyoitaja ni majani. Mtu mwenye akili timamu angechukua jembe. Asubuhi moja tu, kabla ya jua kukaza, kazi ingekuwa imekwisha, na hadithi hii isingekuwepo. Mama yangu mzazi, ambaye hajui kusoma, angechukua jembe. Jirani angechukua jembe. Hata bwana wangu angeajiri mtu mwenye jembe.

Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne.

Nilijiambia hivi: nikiyang'oa, nimekubali kwamba mtoto wangu alikuwa analelewa porini. Kesho atakuja na sababu ya pili, keshokutwa ya tatu. Lakini nikimthibitishia kwamba haya si magugu, ni ua la kupandwa, lenye jina, lenye familia yake kwenye kitabu cha baolojia, sasa atasema nini? Atanyamaza. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mwanamke aliyelima mawe ya Kuluba na kulea wanaume wakubwa kwa muhogo na hasira atashindwa na neno la Kilatini. Hivyo ndivyo elimu inavyofanya ikiingia kwa mtu nusu.

Nikaanza na nilichokumbuka. Mtawa aliyetufundisha baolojia alikuwa akituambia: shika shina, lizungushe kati ya vidole. Likizunguka laini, endelea na safari yako. Likigonga pembe nne kama penseli ya seremala, simama uangalie majani. Yakiwa mawili mawili yametazamana, subiri ua. Na ua likiwa na midomo miwili, wa juu na wa chini, hiyo ni familia ya mnanaa, ambayo siku zile vitabu viliiita Labiatae, yaani wenye midomo.

Majani ya chini yalikaa duara, lakini katikati ya tuta palikuwa na mashina mafupi yaliyoanza kuinuka. Nikachuma moja, nikalizungusha. Pembe nne! Nikaruka pale pale na tumbo langu. Majani yake: mawili mawili, yametazamana kama wakwe mezani. Nikaona mtoto wangu ameshapona.

Halafu nikasugua jani nikalinusa, kwa sababu mnanaa hata kipofu anaujua. Hapakuwa na harufu yoyote, ila ile ya majani uliyoyakanyaga. Nikasugua lingine. Nikalitia mdomoni nikalitafuna, maana nilikuwa nimeshaamua kuwa ni mnanaa na nilitaka lijirekebishe. Likawa chungu kama dawa ya minyoo. Nikatema, nikatapika, na katika kuinua kichwa nikamwona jirani yangu ananitazama juu ya ua wa matete. Huyu alikuwa mama wa Kongo, mwuza vitenge sokoni, aliyehamia kwetu na wanawe na sauti yake.

"Yaya," akaniita, yaani dada kwa lugha ya kwao, "unakula nini pale? Mimba inakutuma majani?"

"Natafuta jina lake."

"Ukiikula itakuambia jina?"

"Nadhani ni ndugu wa mnanaa. Lakini hainukii."

"Basi haiko mnanaa. Mutu akikosa harufu ya kwao, haiko wa kwao." Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Sikia Yaya, kwetu batu banapanda kile banakula. Toa ile majani, panda lenga-lenga, ile munaita mchicha. Mama mukwe akikuja unamupikia, anashiba, analala, anasahau mutoto."

Nilimwambia haelewi mambo ya sayansi. Nilimwambia hivyo kweli, nikiwa bado na matapishi kwenye kidevu.

Nikapeleka kipande kwenye ofisi ya kilimo. Bwana wa pale alizoea pamba na tumbaku. Akaliweka jani mezani, akaligeuza kwa ncha ya kalamu.

"Hili linaliwa?"

"Hapana."

"Linauzwa?"

"Hapana."

"Linafumwa?"

"Bwana, ni ua."

"Basi mama, ni magugu," akasema, akanirudishia. Nikatoka pale nikamtukana njia nzima mpaka sokoni, kwa Kilugbara, ili nisipunguze kitu.

Mvua ikaanza. Mbele ya macho yangu majani yale yakainua vishada, wima kama mishumaa ya altare, na kwenye kila kishada maua madogo ya samawati yamebanana ghorofa juu ya ghorofa. Kusema kweli yalikuwa mazuri. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo. Mimi sikuwa na nafasi ya uzuri. Nikachuma kishada, nikachukua sahani ya bati na pini ya nepi, nikakaa barazani kupasua. Mwanangu akakaa pembeni yangu, naye akachuma chake, akawa anayafungua maua kwa vidole vyake vya kunata, anatazama ndani, ananiletea nitazame na mimi. Nikamsifu. Nilifikiri: huyu amerithi akili yangu. Hilo mtaona lilivyoishia.

Mdomo wa chini ulikuwepo, mpana, umegawanyika sehemu tatu kama mkia wa njiwa mwenye majivuno. Mdomo wa juu haukuwepo.

Nikafungua ua jingine. Haukuwepo. Jingine. Haukuwepo. Nikafungua mpaka sahani ikajaa, maharage yakaungua jikoni, na jirani akauliza ninachambua mboga gani hiyo isiyokwisha. Nilikaa pale na pini mkononi nikahisi kuibiwa. Familia ya wenye midomo, na ua langu lina mdomo nusu! Shina ni la mnanaa, majani ni ya mnanaa, harufu si ya mnanaa, mdomo si wa mnanaa. Nikaanza kuota kwamba ni jani la porini kweli, na kwamba mtu mzima ninapoteza mtoto kwa sababu ya ua lisilo na mdomo wa juu.

Ndipo dereva wa lori akaleta habari kutoka Koboko: mama amemaliza kupanda simsim, yaani ufuta, anakuja siku ya soko. Mtoto aandaliwe.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikang'oa mche mzima na mizizi yake, nikaenda misheni kumtafuta yule mtawa. Alikuwa ameshazeeka, amestaafu kufundisha, anatunza maua nyuma ya kanisa, kofia ya majani juu ya kitambaa chake cheupe. Sikumsalimia vizuri. Nilimsukumia ule mche puani.

"Sista, huu una shina la pembe nne na mdomo mmoja. Ni nini?"

Akautazama mche. Akanitazama mimi, tumbo, mtoto mgongoni. "Wewe ulikuwa unakaa karibu na dirisha," akasema. "Ulikuwa unajibu kabla swali halijaisha."

"Ndiyo, Sista. Ni nini?"

Akachukua kioo cha kukuzia kutoka mfukoni, akaninyooshea. "Mdomo wa juu upo. Angalia hapa. Ni mfupi tu, mfupi sana."

Nikaangalia. Pale ambapo nilitafuta mdomo palikuwa na kitu kama ukucha wa mtoto mchanga, kimejibana nyuma ya nyuzi za chavua. Kilikuwepo siku zote. Nilikuwa nimekirarua kwa pini yangu mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

"Hii ni ajuga," akasema. "Kwetu inaota chini ya miti, watu wanaipanda ifunike udongo ambapo nyasi hazitaki. Ndiyo, ni ya familia ya mnanaa."

"Mbona hainukii?"

"Ndugu wote wa kwenu wananukia sawa?"

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Akaanza kunieleza habari nyingine, kwamba inataka kivuli, kwamba ikibanana sana inaoza, kwamba nyuki wanaipenda mno na yeye hapandi karibu na mlango, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama, narudia jina kimoyomoyo lisinidondoke. Akaniuliza swali moja wakati ninaondoka.

"Unataka jina la nini?"

"Nimwambie mama mkwe."

"Ameliuliza?"

Nikasema ndiyo. Alikuwa ameuliza "hii kitu gani," na mimi niliona ni yale yale.

Njia nzima kutoka misheni nilijizoeza. Mama, hii inaitwa ajuga. Mama, shina lake ni la pembe nne. Mtoto aliitikia mgongoni kila nikisema mama, akidhani namwita yeye. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi ambayo haijaanza.

Siku ya soko lori lilicheleweshwa kwenye kizuizi cha barabarani, likafika mchana, na mama mkwe akashuka na kapu tupu na mkeka mdogo mpya uliokunjwa. Mkeka wa mtoto. Nilipouona ule mkeka nilitaka kuurudisha kwenye lori. Badala ya kusema hivyo, nikamkaribisha barazani, nikampa maji, nikaanza somo.

"Mama, njoo uone. Ile siku uliniuliza hiki ni kitu gani. Sasa najua. Kinaitwa ajuga."

"Ajuga," akasema, bila kupenda wala kuchukia.

"Ni ya familia ya mnanaa. Ule wa chai. Ilipandwa kwa makusudi, kufunika udongo. Si pori."

"Mnanaa inanukia."

"Hii ni ndugu yake asiyenukia." Jirani alikuwa ameshafika kwenye ua wa matete, kidevu juu, hataki kukosa kitu. Sikujali. "Angalia shina, mama, lina pembe nne. Angalia ua. Familia hii inaitwa wenye midomo."

"Wenye midomo?" Mama mkwe akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kumbe iko ndugu yako."

Jirani akashika mdomo wake kwa mikono miwili. Mimi nikaendelea, kwa sababu nilikuwa sijafika sehemu nzuri. Nikapiga magoti kwa shida, nikashika kishada, nikaonyesha kwa kidole. "Huu mdomo wa juu ni mdogo. Lakini huu wa chini ni mpana, unaona? Ni kama baraza. Nyuki akija anatua hapa, anasimama, anaingiza kichwa ndani..."

Na nyuki akaja. Kwa kweli walikuwepo wengi tangu asubuhi, tuta zima lilikuwa linavuma kama kanisa wakati wa rozari, ila mimi nilikuwa naona midomo tu. Nyuki akatua barazani pake, akasimama, akaingiza kichwa, kama nilivyosema. Sijawahi kufundisha kitu kikatii hivyo. Nikainua uso kumtazama mama mkwe, uso wa ushindi kabisa, na mwanangu, mwanafunzi wangu niliyemsifu, akanyoosha kidole chake cha kunata akakiingiza kwenye ua lile lile ili atazame ndani.

Ukelele alioutoa ulisikika sokoni, naamini.

Mimi mwenye cheti nilifanya nini? Nilisimama na kishada mkononi nikasema, "Usimbane atakuuma," wakati ameshaumwa. Mama mkwe hakungoja somo. Alikuwa ameshamnyakua, amekaa naye chini, amekishika kidole kwenye mwanga. Akakwangua mwiba kwa ukucha, akakinyonya kidole, akatema, akakinyonya tena. Akaomba maji baridi. Nikaleta. Kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi sukari. Mtoto akajificha uso kwenye kifua cha bibi yake, si changu, akalia mpaka akabaki na kwikwi.

Kisha mama mkwe akasema bila kuinua sauti, "Funga nguo yake. Lori inarudi jioni."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na lile la nyuki kuwa rafiki wa mkulima. Nilikuwa na lile la udongo kutochukuliwa na mvua. Nilifungua kinywa kuyatoa, na yakatoka mengine ambayo sikuwa nimejizoeza kabisa.

"Sifungi," nikasema.

Jirani akaacha kucheka.

"Sifungi nguo. Sitaki aende. Ni mtoto wangu, sitaki aende Kuluba, sitaki aende popote, hata uwanja wako uwe safi kama kioo. Ukimchukua nitapanda lori hilo hilo na tumbo hili nitazalia njiani. Sitaki! Hapana!" Nililia, na siyo kwa upole, nililia kama ninavyofanya kila kitu, kwa kelele. Kishada bado nilikuwa nimekishika. Nikakitupa.

Nilingoja mbingu ianguke. Mkwe alikuwa ameambiwa hapana, mara nyingi, mbele ya jirani, na jirani mwenyewe mwuza vitenge: kesho soko zima litajua.

Mama mkwe akampapasa mtoto mgongo.

"Hii ndio maneno," akasema. "Hii hata mimi najua kusikia. Kwa nini ulikuwa unazunguka? Ile siku ya kwanza nauliza, wewe unasema maua. Leo nakuja, unasema mnanaa. Mimi hapana kuja kwa mnanaa. Mimi nakuja kwa sababu wewe iko peke yako, tumbo kubwa, kijana yangu anasoma gazeti."

Ilikuwa kweli, hasa la gazeti.

"Mutoto ya kwangu ya kwanza walichukua," akasema. "Mama ya bwana yangu alisema funga nguo, nikafunga. Nilikaa jikoni nikalia na moshi. Hakuna mutu aliuliza." Akasonya. Sijui alimsonya nani, mimi au yule aliyemwambia afunge. "Wewe kwa nini ulingoja nyuki?"

"Mkwe haambiwi hapana, mama."

"Sasa umeambia."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi niko hapa bado." Akanyanyuka na mtoto begani, akaingia ndani kwa mara ya kwanza bila kukaribishwa, akatazama jikoni, akafunua sufuria, akaifunika. Nikamfuata kama mgeni. Akafungua mlango wa chumba cha mtoto, akapima sakafu kwa macho.

"Basi mimi nitakaa," akasema. "Mpaka uzae. Mpaka upate nguvu. Simsim wataangalia wengine."

Mpaka upate nguvu! Nilikuwa nimepigania nyumba yangu tangu kiangazi mpaka mvua, kwa pini na kwa Kilatini, na sasa nilikuwa nimeuokoa mji na adui amehamia ndani yake na mkeka wake. Hasira zote zikanirudia mahali pake, nikajisikia mzima kabisa.

"Karibu, mama," nikasema kwa meno.

"Kesho tutahamisha ile ajuga yako. Nyuma ya choo iko na kivuli. Nyuki ikae huko na wao." Alilitamka jina vizuri kuliko mimi. "Na mtoto atalala na mimi, huyu, kidole chake kitawasha usiku. Mkeka iko wapi?"

Nikasema kuna ule mdogo aliokuja nao.

"Ule wa mtoto. Mimi nilale juu ya nini, juu ya cheti?"

Nikaenda kutoa mkeka mkubwa juu ya kabati la nguo. Nikaupangusa vumbi, nikautandika kwa mikono yangu karibu na ule mdogo, ncha kwa ncha, na mwanangu akajitupa katikati ya yote miwili akaninyooshea kidole chake kilichovimba nikipulize.